Programu za bure kwa NGO ndogo: tumepita TechSoup, Microsoft na Canva tukiwa Mbagala, haya ndo tuliyokutana nayo

Kwanza lililotufikisha huku. Ofisi yetu iko Mbagala, Temeke, hapa Dar es Salaam, vyumba viwili, watu saba wa mshahara na wa kujitolea kama kumi na mbili hivi, tunafanya kazi na mabinti walioachia shule njiani, tunawafundisha kushona na kuweka hesabu za biashara ndogo. Laptopu tunazo tano na zote zilikuwa na Office ya kuchakachua, ile ya Kariakoo, unampelekea fundi mashine anakwambia "dada we niachie lisaa limoja tu, elfu kumi na tano, nakupigia kila kitu", unarudi unakuta Word ipo Excel ipo unaondoka umefurahi. Miezi michache mbele mashine ya mhasibu ikaanza kuleta matangazo ya ajabu, ukichomeka flashi mafaili yote yanageuka shotikati, tukapoteza mahudhurio ya mabinti ya miezi miwili ambayo hatukuwa tumeyaprinti popote. Halafu ndo akaja mkaguzi katumwa na mfadhili, kapitia vocha, kapitia leja, mwisho akauliza kwa upole tu, na leseni za hizi programu ziko wapi? Mama mwenyekiti akaniangalia mimi maana ofisi ndo naishika. Sikuwa na jibu. Sisi ambao tunamwambia binti atunze risiti hata ya uzi wa mia tano.

Kuanzia hapo nikaanza kutafuta, na nimeamua kuandika kwa sababu vitu nilivyovikuta vimetawanyika sana na vingi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa Marekani, we wa Temeke ukisoma unaona havikuhusu unafunga. Vinakuhusu. Ila ujue unaingilia mlango gani.

Kampuni yenye programu mara nyingi haikai yenyewe kukagua kama we ni NGO kweli au ni duka lako la nguo umelipa jina la foundation. Kazi hiyo wanampa mhakiki. Mkubwa wao ni TechSoup, nao ni shirika lisilo la faida, wako San Francisco, walianza 1987 wakiitwa CompuMentor, enzi hizo kazi yao ilikuwa kuwaunganisha watu wanaojua kompyuta na mashirika yenye shida ya kompyuta. Mwingine ni Goodstack, zamani alikuwa anaitwa Percent, huyu utakutana naye ukienda kwa Google au Canva, ile programu ya kutengeneza mabango. Microsoft kwa miaka mingi wamekuwa wakiwatumia TechSoup. Kwa hiyo ukikataliwa usiseme kampuni fulani imenikataa, mara nyingi waliokukataa ni wahakiki, na mara nyingi zaidi wamekataa karatasi zako, wewe mwenyewe hata hawakujui.

Wanachokitafuta ukikichuja ni hiki: je umesajiliwa kisheria kwenye nchi yako kama chombo kisicho cha faida, je kazi yako ni ya kunufaisha jamii na si wanachama au wenye chombo, je we unayejaza fomu kweli ni mtu wa shirika hilo. Basi. Juu yake kampuni yenyewe inaongeza masharti yake, karibu zote zina tamko la kutobagua, yaani unakubali kwamba hamubagui watu kwenye ajira wala kwenye huduma kwa dini, kabila, jinsia, ulemavu na kadhalika. Naomba hilo tamko msilipige tiki haraka haraka. Sisi tulilisoma mbele ya kamati, tukagundua hatuna hata sera ya maandishi, tukaiandika ukurasa mmoja na nusu, ikapitishwa na muhtasari ukasainiwa. Ilituchukua Jumamosi moja na sasa hivi hata wafadhili wakiuliza tunayo.

Sasa kwa sisi wa Tanzania hapa ndo penye utamu na ndo penye maumivu, maana watu tunasema "tumesajiliwa" kama vile usajili ni mmoja. Kuna waliosajiliwa na Msajili wa NGOs chini ya ile sheria namba 24 ya 2002, ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa, sisi tuko hapo. Kuna bodi za wadhamini ziko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kuna vyama na taasisi za dini ziko kwa Msajili wa Vyama upande wa Mambo ya Ndani. Kuna kampuni zenye ukomo wa dhamana ziko BRELA, wale wanaosajili kampuni na biashara, na hizi kama zilikuwa zinafanya kazi za NGO marekebisho ya sheria ya 2019 yalizitaka zihamie kwa Msajili wa NGOs, na nawajua waliohama kwenye karatasi tu ila kwenye websaiti na benki bado wana jina la zamani. Na kuna vikundi vya halmashauri. Kwa nilivyoona mwenyewe, cheti cha Msajili wa NGOs ndo kinachoeleweka haraka kuliko vingine, kwa sababu mhakiki akikisoma kimeandikwa wazi wewe ni nani. Cheti cha kampuni kinamfanya aanze kuuliza faida inaenda kwa nani, hapo andaa katiba yenye kile kipengele kinachosema hakuna mwanachama anayegawiwa faida na shirika likivunjika mali zinaenda kwa shirika lingine lenye malengo kama hayo. Kama katiba yenu haina hicho kipengele, hiyo ni shida kubwa kuliko programu.

Halafu kuna ile namba ya 501(c)(3) ambayo utaikuta kila mahali na inatisha watu bure. Hicho ni kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani, si chako. Ukichagua Tanzania kwenye fomu unatakiwa uweke namba ya usajili wako wa hapa. Usijaze TIN, yaani namba ya mlipa kodi, pale wanapotaka namba ya usajili, nimeona mtu kafanya hivyo, na usidhani pia kwamba kuwa NGO ndo tayari TRA, watu wa mapato, wamekutambua kama shirika la hisani kwa mambo ya kodi, hilo unaliomba peke yake na lina mlolongo wake.

Niseme kilichotukwamisha sisi, maana najua wengi mtakwama hapo hapo. Jina. Cheti chetu kina jina refu linaloishia na Organization. Websaiti aliyotutengenezea kijana mmoja wa kujitolea ilikuwa na jina letu fupi, lile la herufi nne ambalo kila mtu anatuita nalo. TIN ina jina refu ila limekatwa katikati kwa kifupisho. Na mimi kwenye fomu nikaandika la nne, nikaweka neno Initiative kwa sababu ndo lililokuwa kwenye banda la maonyesho. Majina manne, shirika moja. Mhakiki wa kwanza, simtaji, akatukataa kwa mstari mmoja tu, kwamba ameshindwa kuthibitisha, hakusema wapi pamekosewa. Tukakaa wiki tano tunaandikiana. Nilikuwa naona kama wanatuonea kwa kuwa tunatoka huku, nikaja kukaa na zile karatasi zote mezani nikazipanga pembeni pembeni ndo nikaona. Hata mimi ningekuwa Marekani nisingeamini kwamba hao ni watu wale wale.

Tulichofanya: juu ya websaiti tukaweka jina refu kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, chini kabisa tukaweka namba ya usajili na anwani ya ofisi na mtaa, ukurasa wa kuhusu sisi tukaueleza upya kwa Kiswahili na aya mbili za Kiingereza, na cheti tukakiskani vizuri kwenye stationari, si kukipiga picha na simu juu ya kitambaa cha meza. Na ninyi mlioko RITA hili mliangalie mara mbili, kwa sababu jina lenu la kisheria linaanza na The Registered Trustees of, na nyie mkijaza fomu mnaliacha lile neno mnaandika jina la kawaida, mfumo unaona ni watu wawili tofauti.

Kitu kingine ni imeili. Ukiomba kwa Gmail ya mwenyekiti unajichelewesha, wanataka imeili ya domeini ya shirika, yaani ile yenye jina la websaiti yenu baada ya @, maana hapo ndo wanaona kweli uko ndani. Tukanunua domeini ya .or.tz kwa wakala, hela ya kila mwaka si kubwa hata kwa sisi, na hiyo domeini utaihitaji tena mbele kwa sababu Microsoft na Google wote wanakutaka uthibitishe ni yako, wanakupa msimbo fulani unaubandika kwenye mipangilio ya domeini, wanaiita DNS, kwa yule aliyekuuzia. Mimi si mtu wa kompyuta na niliweza, nilimpigia wakala simu akaniongoza dakika kumi.

Haya, baada ya kurekebisha tukaomba upya TechSoup. Kwa kweli nawasifu. Fomu inaeleweka, kuhakikiwa ni bure, ukishapita unapata msimbo wa uthibitisho ambao unaupeleka kwa kampuni nyingine zinazowaamini, kwa hiyo kazi ya karatasi unaifanya mara moja. Wanachotoza ni ada ya uendeshaji kwa baadhi ya programu, ndogo ukilinganisha na bei ya dukani, na hiyo ada ieleweni vizuri ndugu zangu, siyo kwamba wanaiuza ile programu, ni gharama ya wao kuiendesha hiyo huduma. Kinachoniuma ni kwamba orodha inategemea nchi. Unaona mtu wa Marekani anasifia punguzo fulani, we ukiingia na Tanzania halipo. Usipange bajeti kwa orodha ya nchi nyingine, ingia na akaunti yako uone yako. Nawapa alama nne kati ya tano.

Microsoft. Hapa kuna watu wanatumia taarifa za zamani, naomba msome. Zamani NGO iliyohakikiwa ilikuwa inapewa leseni 10 za Business Premium bure, ile yenye Word na Excel za kuweka kabisa kwenye mashine. Microsoft walitangaza kuzisitisha kuanzia Julai 2025, shirika linapofika muda wa kuhuisha zinaondoka. Sisi tumeingia baada ya hapo kwa hiyo hatukuzionja. Kilichobaki bure ni Business Basic, hadi watumiaji 300, na nyingine wanatoa kwa punguzo linalofika asilimia 75. Basic ina imeili kwenye domeini yenu, ina Teams ya mikutano ya mtandaoni, ina OneDrive ya kuhifadhi mafaili, TB 1 kwa kila mtu, lakini Word na Excel unazitumia ndani ya brauza na kwenye simu, hazikai kwenye laptopu.

Kwa ofisi ya Posta katikati ya jiji yenye intaneti ya faiba hilo si tatizo. Kwa Mbagala ambako tunakaa na bando la modemu na umeme ukikata modemu nayo inalala, hilo ni tatizo la kweli, na ndo sehemu niliyoiwaza kuliko zote. Mwisho tukafanya hivi: wote saba tuko kwenye Basic kwa ajili ya imeili na kuhifadhi mafaili, mhasibu na mimi tumelipiwa Premium ya punguzo, ambayo ni dola 5.50 kwa mtu kwa mwezi badala ya 22. Wawili kwa mwaka ni dola 132. Tungeweka wote saba ingekuwa dola 462, kwetu hiyo ni vyerehani. Kulipia nilitumia kadi ya Visa ya kwenye simu, ilipita bila shida.

Muhimu sana hapo, leseni hizi ni za watendaji wa shirika, si za kugawa. Haziuzwi, haziazimishwi, na huruhusiwi kumpa binti unayemfundisha eti kwa kuwa zimebaki nafasi mia mbili tisini na kitu. Nalisema kwa sababu nimesikia mtu anauza nafasi kwa elfu kumi kumi kwenye NGO yake. Huyo akigundulika anafungiwa yeye na sisi wengine wa nchi hii tunaanza kutazamwa kwa jicho lingine.

Canva ndo iliyotufurahisha kuliko zote nisiwafiche. Canva ya mashirika ni ile ya kulipia nzima, bure, hadi watu 50. Maombi yenyewe mafupi, unapakia cheti, unasubiri. Mabango ya mafunzo, vyeti vya kuhitimu, ripoti ya mwaka, vyote sasa hivi tunafanya wenyewe, zamani kila bango tulikuwa tunamlipa mtu wa grafiki. Binti mmoja wa kujitolea aliyeishia kidato cha pili ndo anatengeneza vyeti vya wenzake, na ni vizuri. Tano kati ya tano na sina cha kupunguza.

Google sijapita mwenyewe kwa hiyo siwapi alama. Wana Workspace ya mashirika bure, yaani imeili na nyaraka zao, na wana Ad Grants, matangazo ya kwenye utafutaji ya hadi dola 10,000 kwa mwezi, si hela mkononi, ni thamani ya matangazo tu. Kabla hujaanza angalia nchi yako kwenye orodha yao. Na hospitali, shule na taasisi za serikali haziingii kwenye mpango huo, shule zina mpango wao wa elimu. Hili linawahusu sana wale wenye NGO ambayo kiuhalisia ni shule ya awali au zahanati, msilazimishe mlango wa hisani, na wenye shule nendeni ule wa elimu. Salesforce, wenye mfumo wa kutunza kumbukumbu za wafadhili na wanufaika, nao wanatoa leseni 10 bure, tuliangalia tukaacha, ni mfumo mkubwa unataka mtu wa kukaa nao na sisi mtu huyo hatuna. Bure isiyotumika nayo ina gharama, unaanza kuhamisha majina ya watu mle ndani unaishia nusu.

Kuna programu moja ya uhasibu, jina silisemi, ambayo wana ukurasa mzuri kabisa wa punguzo kwa mashirika, picha za watu wanacheka, nimejaza kila kitu mpaka mwisho ndo naambiwa punguzo ni kwa nchi chache tu na yangu haimo. Siku nzima imeenda. Wangeandika juu kabisa.

Na wale wa kati wa hapa mjini. Kuna jamaa alitufuata akataka laki mbili "atusimamie tupate Microsoft ya NGO". Nikamuuliza, kaka, hiyo laki mbili ni ya nini wakati maombi ni bure? Akasema ni ya konekshen. Hakuna konekshen. Kuna cheti, katiba, websaiti, imeili na subira. Kumlipa mtu anayejua akusaidie kuweka DNS na kuhamisha imeili ni haki yake, hiyo ni kazi, lakini asikuuzie kibali. Na asisajili akaunti kuu kwa imeili yake mwenyewe, hilo ni hatari kubwa, siku mkikosana anaondoka na imeili za shirika zima. Akaunti ya adimini iwe ya shirika na paswedi zijulikane na watu wawili wa ndani.

Jambo jingine dogo, uhakiki si wa milele, wanarudi kuuliza, na cheti cha NGO chenyewe tangu yale marekebisho ya 2019 kina miaka kumi. Mimi nimeandika tarehe zote kwenye kalenda ya ukutani, ya cheti, ya domeini, ya leseni, pamoja na ripoti ya mwaka ya kwa Msajili, maana shirika likichelewesha ripoti na ada likafutwa kule, huku kwingine kote kunaanguka.

Wiki iliyopita alikuja mama wa kikundi cha jirani cha kuweka na kukopa, kasikia tuna programu za bure, kaja na bahasha yake ya karatasi. Nikamwambia ukweli, mama, kikundi chenu ni kizuri lakini faida inarudi kwa wanachama, kwa hawa wahakiki nyie si hisani, mkijaza mtakataliwa. Alinyong'onyea. Nikamwambia subiri kwanza usiondoke. LibreOffice, yenye vya kuandikia na majedwali kama Word na Excel, haiulizi cheti cha mtu, ni bure kwa yeyote, ni kama MB 350 tu kuidaunlodi na baada ya hapo inafanya kazi hata bando likiisha. Tukaiweka kwenye laptopu ya mwanae pale pale barazani, tukafungua lile jedwali lao la marejesho ambalo walikuwa wanalisoma kwenye simu kwa shida, likafunguka lote na fomula zake, akaanza kuniita majina ya wanachama mmoja mmoja nani kabakiza kiasi gani.